Kutembelea msitu wa Zika na wanafunzi: kibali, usalama na mambo ya kuangalia

Mwalimu wa Kajjansi

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari iliyo kando ya barabara ya Kampala–Entebbe, na darasa langu la kidato cha tano linasoma ikolojia muhula huu. Kila tunapopita Kisubi wanafunzi huniuliza kama kweli msitu wa Zika, ule uliotajwa dunia nzima mwaka 2016 kwa ajili ya ugonjwa wa virusi vya Zika, ndio huu ulio jirani yetu, na nikiwajibu kwamba ndio, hutaka kujua mbona hatujawahi kwenda. Naona wana haki ya kuuliza. Tunawafundisha habari za misitu ya Amazoni kutoka vitabuni, ilhali huu ulio ukingoni mwa ziwa letu hawajautia mguu.

Kabla sijaandika barua yoyote naomba ushauri wa wanaoufahamu msitu huu. Je, makundi ya shule hupokelewa, na kibali huombwa wapi? Je, kuna hatari ya kweli kiafya kwa vijana wa miaka kumi na saba? Mzazi mmoja amekwisha kunijia akiuliza, kwa uchungu wa mzazi, ni kwa nini nataka kupeleka watoto wa watu mahali ugonjwa ulikotoka, na sitaki kumpa jibu la kumtuliza tu. Tena nasikia msitu wenyewe ni mdogo, hekta 25 hivi. Je, kuna mambo ya kutosha kuwashughulisha wanafunzi arobaini kwa siku nzima, au ingefaa zaidi niwapeleke Bustani ya Mimea ya Entebbe?

Mdau wa Ndege

Mwalimu, karibu sana. Nianze na kibali, kwa kuwa bila hicho mengine yote hayana maana. Msitu wa Zika si hifadhi ya utalii wala si bustani ya umma. Ni mali ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyo barabara ya Nakiwogo mjini Entebbe, nao umetengwa kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo mtu hashuki tu kwenye teksi pale Kisubi akajiingilia. Andika barua rasmi yenye muhuri wa shule kwa uongozi wa Taasisi, ueleze somo mnalosoma, idadi ya wanafunzi na walimu, tarehe mnayopendekeza na nyingine ya akiba, kisha uipeleke kwa mkono na kuulizia majibu mapema. Omba pia mpewe mtu wa kuwaongoza, kwa sababu ndani kuna mitego ya wadudu na vifaa vingine ambavyo mgeni anaweza kuvikanyaga bila kujua, na kazi ya wiki kadhaa ikaharibika.

Kuhusu idadi, arobaini kwa mara moja ni wengi mno. Njia ni nyembamba, na kundi kubwa likiingia, walio nyuma hawasikii wanachoambiwa walio mbele, na hakuna ndege wala tumbili atakayewasubiri.

Mstaafu wa Uwandani

Mwalimu, nimefanya kazi za uwandani za utafiti wa wadudu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali la yule mzazi ndilo lililonigusa zaidi, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 na Wakfu wa Rockefeller kwa ajili ya kutafiti homa ya manjano. Watafiti walitaka kujua ugonjwa huo unajificha wapi wakati hakuna binadamu anayeugua, na walikuwa na kila sababu ya kuwashuku tumbili na mbu wa msituni. Basi wakawa wanaweka tumbili aina ya rhesus, ambao asili yao ni Asia, ndani ya vizimba vilivyopandishwa kwenye majukwaa juu ya miti, na kuwapima joto la mwili. Tumbili akipata homa, ni ishara kwamba ameumwa na mbu mwenye kitu fulani. Mwezi Aprili 1947, katika msitu huu wa Zika, tumbili aliyejulikana kwa namba 766 alipanda joto hadi nyuzi 39.7. Alichukuliwa damu, panya wa maabara wakadungwa majimaji ya damu hiyo, nao wakaugua. Kilichopatikana hakikuwa homa ya manjano. Kilikuwa kirusi ambacho hakuna aliyekuwa amekitambua kabla ya hapo. Januari 1948 kirusi hicho hicho kikapatikana katika mbu aina ya Aedes africanus walionaswa ndani ya msitu huo huo, na mwaka 1952 George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakachapisha matokeo yao, kirusi kikiwa kimepewa jina la msitu.

Sasa mweleze mzazi hivi: kugundua kitu mahali fulani si sawa na kusema kitu hicho kilizaliwa hapo. Kirusi kiliitwa Zika kwa sababu Zika ndipo palipokuwa na watu waliopanda mitini kuwapima tumbili joto. Vizimba vile vingewekwa kwenye msitu mwingine wa ukanda huu wa ziwa, huenda leo tungekuwa tunataja jina lingine kabisa. Tena virusi vilivyosambaa katika kisiwa cha Yap mwaka 2007, katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na nchini Brazili mwaka 2015 vilipochunguzwa vinasaba, vilionekana kuwa vya ukoo wa Asia, wala si ukoo wa Afrika unaohusishwa na mbu wa msitu wetu. Inaniuma ninaposikia watu wakiutaja msitu huu kama kisima cha balaa, ilhali ni mahali ambapo Uganda iliipa dunia onyo karibu miaka sabini kabla dunia haijalihitaji.

Ukubwa wa hekta 25 usikukatishe tamaa, kwa sababu msitu huu ulifundisha sayansi jambo ambalo halipimwi kwa hekta, nalo ni kwamba msitu una ghorofa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mnara wa chuma wenye urefu wa futi 120, yaani mita 36 na nusu hivi, ulihamishwa kutoka msitu wa Mpanga ukasimikwa Zika. Katika mnara huo kulikuwa na majukwaa kwa vimo mbalimbali, kuanzia karibu na ardhi hadi juu ya vilele vya miti, na kwenye kila jukwaa waliketi wanaume waliokuwa wakinasa mbu usiku na mchana kwa kupokezana. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu anakunja suruali hadi gotini, anatulia, mbu anatua mguuni, na kabla hajachoma anafunikwa kwa mrija wa kioo unaozibwa kwa pamba. Mirija ya kila saa ilitengwa na kuandikwa saa na kimo. Kwa uvumilivu huo ikajulikana kwamba kila aina ya mbu ina ghorofa yake na saa yake. Huyo Aedes africanus, kwa mfano, huuma zaidi juu kwenye vilele, na kilele cha shughuli zake ni ile saa ya kwanza baada ya jua kuzama, wakati tumbili wamekwisha kujikusanya kulala. Unaona jinsi mambo yanavyoshikana: tumbili yuko juu, mbu yuko juu, na kirusi kinazunguka huko huko bila binadamu aliye chini kuhusika.

Hili ndilo somo ambalo Bustani ya Mimea haiwezi kuwapa. Bustani ile ni nzuri, ilianzishwa mwaka 1898, lakini ni mahali palipopandwa na watu, miti imeachiana nafasi na nyasi zinakatwa. Zika wanafunzi watasimama ndani ya msitu wenye tabaka zote, na ukiwaambia waangalie juu watatambua wenyewe kwamba mwanga unaowafikia ni mabaki ya mwanga ulioliwa na majani yaliyotangulia.

Muuguzi Entebbe

Mwalimu, nami niseme ya afya, kwa kuwa mzazi akishaelezwa historia bado atauliza mtoto wake atalindwa vipi.

Watu wengi wanaoambukizwa virusi vya Zika hawaoni dalili yoyote, na wanaoziona hupata homa nyepesi, vipele, maumivu ya viungo na macho mekundu yanayopona kwa siku chache. Hatari kubwa iko kwa mama mjamzito, kwa sababu kirusi kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura mwezi Februari 2016. Kwa hiyo mwalimu au mfanyakazi yeyote mjamzito asiende katika ziara hii bila kuzungumza na daktari wake, na jambo hili lisemwe kwa heshima na faragha, si mbele ya darasa.

Hata hivyo, mimi ninayehudumia wagonjwa kila siku ningekuomba uihofie malaria kuliko Zika, kwa maana malaria ndiyo inayotujazia vitanda katika ukanda huu wa ziwa, msituni na majumbani pia. Wanafunzi wavae mikono mirefu na suruali, nguo za rangi nyepesi, na wapake dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Mpange kutoka msituni mapema mchana, msingoje jioni. Kuhusu homa ya manjano, Uganda iliingiza chanjo yake katika ratiba ya kawaida ya watoto wachanga mwaka 2022, maana yake vijana wako hawakuipata kwa njia hiyo. Baadhi waliipata katika kampeni zilizofuata, kwa hiyo waambie wazazi waangalie kadi. Dozi moja hutosha kwa maisha, na ni vizuri kuipata angalau siku kumi kabla ya safari ili kinga iwe imejijenga.

Jambo moja dogo ambalo watu hulisahau: suruali iingizwe ndani ya soksi au ndani ya gambuti. Hili si kwa ajili ya mbu tu. Siafu wakivuka njia na mwanafunzi akasimama katikati yao akisikiliza maelezo, hatawatambua mpaka wamefika kiunoni, na hapo somo limekwisha.

Mwalimu wa Kajjansi

Nawashukuru sana. Maelezo ya Mzee Mstaafu nitayachapisha na kumpa yule mzazi, kama mwenyewe ataridhia. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, mnara huo bado upo, na wanafunzi wanaweza kuupanda? La pili, ningependa watoke na data waliyoikusanya wao wenyewe, si picha za simu tu. Ni zoezi gani linalofaa kwa shule isiyo na vifaa vya gharama?

Mdau wa Ndege

Mnara bado upo, lakini, Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba wanafunzi wasiupande hata kama wataomba kwa machozi. Ni chuma cha miongo mingi kilichokaa kwenye unyevu wa ziwa, na ngazi yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliozoea kazi hiyo. Kuuona kutoka chini kunatosha. Waambie wafuate kwa macho jukwaa baada ya jukwaa hadi pale chuma kinapopotea ndani ya majani, kisha wafikirie mtu aliyeketi pale juu saa nane za usiku.

Kuhusu Bustani ya Mimea, hapa natofautiana kidogo na Mzee, kwa heshima. Msiichague moja na kuiacha nyingine. Kwa kuwa wanafunzi ni arobaini na Zika haiwezi kuwapokea wote kwa pamoja, gawa darasa: nusu waingie Zika asubuhi na nusu wawe Bustanini, kisha mbadilishane siku nyingine, kama kibali kitaruhusu. Bustanini watawaona mbega weusi kwa weupe kwa karibu kuliko mahali pengine popote ninapopafahamu huku, na hondohondo wakubwa ambao sauti ya mbawa zao husikika kabla hawajaonekana. Watajifunza pia jinsi serikali ya kikoloni ilivyotumia eneo hilo kujaribia mazao ya kigeni, mpira ukiwa mmojawapo. Ukiwauliza baadaye ni kwa nini mbega hukaribia watu Bustanini ilhali msituni tumbili hujificha, wataanza kufikiri kama wanaikolojia.

Zika penyewe, wafike mapema. Ndege huimba zaidi saa moja hadi saa tatu asubuhi, na jua likishakuwa kali msitu hunyamaza. Chagueni Juni au Julai ikiwa ratiba ya shule inaruhusu, au Januari na Februari, kwa maana katika mvua za Machi hadi Mei njia za upande wa bwawa huwa tope tupu.

Mkazi wa Kisubi

Naomba niongeze neno kama jirani. Mwalimu, wapeleke wanafunzi hadi ukingo wa msitu unaoelekea ghuba ya Waiya, pale ambapo miti inaisha na mafunjo yanaanza. Wengi wanaokuja huona katikati ya msitu na kurudi, lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba msitu na bwawa lile ni kitu kimoja. Mafunjo huchuja maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye makazi kabla hayajaingia ziwani, na mwaka 2020, maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda na kufurika fukwe zote hizi, mahali palipokuwa na mafunjo mazima palistahimili kuliko palipokuwa pamejazwa kifusi ili kujengwa.

Jambo la pili nalisema kwa masikitiko. Nyumba zimeusogelea msitu huu kwa kasi. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na vichaka na mashamba ya migomba kati yetu na miti ya msitu, na leo kuna kuta. Msitu mdogo ukizungukwa hivyo, tumbili hawana njia ya kwenda msitu mwingine, mbegu za miti haziji kutoka nje, na mbwa na paka wa majumbani huingia usiku. Ningependa wanafunzi walione hili kwa macho yao na waliandike, kwa sababu baadhi yao watakuja kununua viwanja katika ukanda huu.

Na tafadhali, wasichume wala wasikate kitu, hata kijiti cha kutembelea. Watu wa jirani wanakatazwa kuokota kuni humo, nasi tunatii. Tukiwaona wageni wa shule wakitoka na matawi, inakuwa vigumu kuwaeleza vijana wetu kwa nini wao wakatazwe.

Mstaafu wa Uwandani

Mwalimu, chapisha tu, wala usitaje mwandishi.

Kuhusu zoezi, hauhitaji vifaa vya gharama. Chukua vipimajoto vya kawaida vya maabara ya shule, hata vinne vinatosha, na upime joto katika sehemu nne kwa wakati mmoja: nje ya msitu kwenye kivuli cha kawaida, ukingoni mwa msitu, ndani kabisa, na pale kwenye mafunjo. Vyote vining'inizwe kwa kimo kile kile, tuseme usawa wa kifua, na visiguswe na jua la moja kwa moja. Kila kikundi kisome kila baada ya nusu saa kuanzia saa mbili hadi saa sita. Ukifunga kitambaa chenye maji kwenye tungi la kipimajoto cha pili, utapata pia kipimo cha unyevu, kwa maana tofauti ya joto kati ya kikavu na kilichofungwa kitambaa hupungua kadiri hewa inavyokuwa na unyevu zaidi. Wanafunzi wachore grafu, kisha uwaulize mbu mwenye mwili mdogo usiohimili ukavu angechagua kukaa sehemu ipi saa sita mchana, na kwa nini baadhi yao wasubiri jua lizame ndipo wapande juu. Watapata jibu kwa data yao wenyewe.

Kama mwenyeji wenu ataruhusu, mwombe awaonyeshe mtego wa taa. Ni kifaa kidogo chenye taa, feni na betri, kinachofyonza mbu na kuwaangusha ndani ya mfuko wa wavu, na mara nyingi huwekewa barafu kavu juu yake kwa sababu gesi inayotoka hapo ni ile ile tunayoitoa tunapopumua. Wanafunzi hupenda sana kujua kwamba mbu anatutafuta kwa pumzi zetu.

Na ikiwa kibali kitachelewa hadi muhula uishe, usiache kabisa. Mpanga, ulipokuwa ule mnara mwanzoni, uko kwenye barabara ya kwenda Masaka karibu na Mpigi, una hekta zaidi ya 450, na uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu, inayopokea wageni kwa kulipia. Hauko ufukweni kama Zika, lakini zoezi la vipimajoto linafanyika huko vizuri, ukiacha ile sehemu ya mafunjo.

Mwalimu wa Kajjansi

Nimeandika rasimu ya barua usiku huu. Nimeomba siku mbili, wanafunzi ishirini kila siku pamoja na walimu wawili, kuingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka kabla ya saa saba. Nimetaja zoezi la vipimajoto na kuomba ruhusa ya kufika hadi kwenye mafunjo, na nimeahidi kwamba nakala ya data tutaikabidhi kwa Taasisi. Kwa wazazi nimeambatanisha fomu ya ridhaa yenye maelekezo ya Muuguzi kuhusu nguo, dawa ya mbu na kadi ya chanjo. Kesho nitaipeleka Nakiwogo mwenyewe. Mkazi wa Kisubi, kama hutajali, ningependa siku hiyo uje uzungumze na wanafunzi pale ukingoni kuhusu namna mpaka wa msitu ulivyokuwa zamani, maana hilo hakuna kitabu nilichonacho kinacholieleza.

Mkazi wa Kisubi

Nitakuja, Mwalimu. Nitamwomba na mama yangu aje, yeye anapakumbuka vizuri kunishinda.